Figo Langu Lilitangulia Ardhini

Kabla ya maumivu na kabla ya damu, nilichoka. Nilikuwa nauza mawese pale Kabambare, kazi niliyoachiwa na marehemu mume wangu, na mikono yangu ilizoea kunyanyua bidoni la mafuta bila kuita mtu. Ghafla nikaanza kukaa kitako kati ya mteja na mteja. Baadaye nikawa nakaa hata kabla mteja wa kwanza hajafika. Majirani wakasema ni uzee, nami nikawachukia kimoyomoyo, kwa sababu wengine wao walizaliwa kabla yangu na bado walikuwa wanatwanga majani ya sombe asubuhi mpaka ukuta wangu unatikisika.

Kisha ikaja homa. Kwetu homa haiulizwi imetoka wapi. Ni malaria, ikikataa dawa ya malaria ni taifodi, ikikataa na ya taifodi, basi kuna mtu anakuchukia. Nilipitia zote tatu. Nilimeza vidonge, nikachomwa sindano, na jirani mmoja wa kabila la Wabangubangu akaniletea majani ya kuoga ambayo yalinilaza usingizi mzuri kuliko vidonge vyote. Homa ikaenda, ikarudi. Nguo zikaanza kunipwaya. Wachuuzi waliokuja kuchukua mafuta ili wayapeleke Salamabila kwa wachimba dhahabu walinitania kwamba nimejianzishia Ramadhani ya peke yangu, nami nikacheka nao kwa sababu kukasirika kunataka nguvu.

Siku nilipoona mkojo wangu umekuwa mwekundu, sikumwambia mtu. Nilijipa sababu nyingi, nyingine za kipumbavu kabisa. Wazee walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, na mimi nilikuwa nalijua neno hilo tangu utotoni, lakini kulijua si kulitii. Nilipogusa chini ya mbavu za kushoto nikakuta kitu kigumu kisichosogea, ndipo nilipofunga kibanda, nikapanda pikipiki kwenda Kasongo kwa ndugu zangu. Sitaeleza ile safari. Aliyewahi kupita njia ile wakati wa mvua ataelewa, na ambaye hajapita amshukuru Mungu wake.

Kasongo wako ndugu zangu wawili niliobaki nao. Kaka yangu mkubwa ana duka la vitenge karibu na soko, na tangu baba afariki yeye ndiye baba. Ni mtu wa msikitini, mtu wa watu, na ana tabia moja: hapendi jambo libaki nusu. Mlango ukilegea leo, leo hii utapigiliwa. Mdogo wangu wa kike anakaa nyumba ya pili kutoka kwake, ana ulimi mwepesi na miguu myepesi zaidi. Waliponiona nashuka kwenye pikipiki hawakuniuliza hali. Mdogo wangu alianza kulia palepale, na kaka akamwambia akanitafutie maji ya kuoga.

Daktari niliyempata alikuwa kijana kutoka Bukavu, na macho yake yalionyesha kwamba naye hajalala siku nyingi. Nilimpenda kwa hilo, maana daktari aliyenona na kutabasamu hunitia wasiwasi. Alinipaka mafuta baridi tumboni, akanipitishia mashine yake, akatazama kioo kwa muda mrefu. Kisha akamtoa msaidizi wake nje, akaniambia kwamba kuna uvimbe kwenye figo la kushoto, mkubwa, na kwamba lazima figo lote litoke.

Nilimuuliza kama ni saratani. Akasema labda. Nikamwambia neno labda nimeshalisikia kwa miaka miwili na limenichosha. Hakukasirika. Alivuta kiti akanifafanulia, mimi na mdogo wangu aliyenisindikiza tukisikiliza, kwamba uvimbe wa figo si kitu kimoja. Kuna wa aina inayopenda kusafiri hadi kwenye mapafu na mifupa. Kuna aina nyingine inayoota vidole vidogovidogo ndani. Kuna inayokua polepole na kukaa mahali pake. Kuna hata ambayo si saratani kabisa. Ukizipanga mezani, alisema, kwa macho matupu unaweza kudanganyika.

Akasema pia kwamba homa yangu haikuwa ya mbu. Uvimbe wenyewe huufanya mwili uwake, kana kwamba kuna kidonda ndani kisichofungwa, na kuwaka huko kunaharibu protini, yaani vile vitu ambavyo mwili umejengwa navyo. Aina nyingine za uvimbe zinawaka sana, nyingine kidogo tu, na wataalamu bado wanachunguza kwa nini. Nilimuuliza protini inaharibikaje bila kutoka mwilini. Akafikiri, akasema, si wewe unauza mafuta? Basi nikaelewa. Mawese yakikaa na hewa na joto yanachacha. Bado yamo bidoni, rangi yake ni ileile, lakini hayafai tena kupikia. Ndivyo nilivyokuwa najisikia miaka miwili yote.

Alinichukua damu, akaisimamisha katika kijibomba chembamba. Kipimo hicho pale labo wanakiita vitesi. Wanatazama ule wekundu unashuka kwa kasi gani. Mwili ukiwa unawaka, unashuka upesi. Wa kwangu ulishuka upesi mno.

Kujua aina ya uvimbe, alisema, kunataka kipande cha nyama yenyewe kikatwe siku ileile kinapotoka mwilini, kiwekwe ndani ya formoli kisioze, kipelekwe Bukavu kwa wenye mashine. Formoli pale ilikuwa imekwisha. Akamwomba mdogo wangu aitafute mjini, asubuhi ya operesheni, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa mambo yote.

Yanayofuata nilisimuliwa, kwa sababu mimi nilikuwa nimelazwa usingizi.

Kwetu formoli inajulikana kwa kazi moja: kumhifadhi maiti ambaye ndugu zake wako mbali. Mdogo wangu alipoanza kuzunguka maduka ya dawa, huku akikimbia na kitambaa kimemteleza kichwani, akiuliza formoli, formoli, hakuna aliyehitaji kumuuliza zaidi. Wote walijua nimeletwa kutoka Kabambare nikiwa mgonjwa. Mwuza dawa wa kwanza akampa pole. Wa pili akamwambia mkewe. Wengine walishangaa kidogo, maana sisi Waislamu tunazika siku ileile, lakini wakakumbuka kwamba nina watoto Kindu, wakasema bila shaka wanasubiriwa. Mdogo wangu hakusikia pole hizo. Aliambiwa na mtu mmoja kwamba labda atapata kwa fundi anayehudumia maiti ng'ambo ya pili ya mji, akaenda huko kwa miguu, na nyuma yake mji mzima ukanizika kwa maneno.

Habari ilimfikia kaka dukani. Aliacha duka wazi, na kitenge kikiwa kimekatwa nusu mbele ya mteja, akakimbia hadi hospitali, yeye ambaye sijamwona akikimbia tangu nipate akili. Njiani alipita nyumbani kwake, akakuta wanawake wameshaanza kukaa chini kwenye mkeka na wawili wanalia. Hakuwauliza kitu. Alifika mlango wa chumba cha operesheni, akasimama pale bila kubisha, kwa sababu, alivyoniambia baadaye, aliogopa wakifungua.

Walifungua. Muuguzi alitoka na beseni, akatafuta ndugu wa mgonjwa, kama ilivyo desturi: kinachotolewa mwilini lazima ndugu wakione, wasije wakasema kesho daktari ameuza. Akamwambia kaka kwamba mama anapumua vizuri, anashonwa sasa, na kilichokuwa kinamtesa ndicho hiki.

Kaka alitazama lile figo. Aliniambia lilikuwa kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, na upande mmoja ni wa manjano wenye madoa ya damu. Akalia mbele ya muuguzi. Kisha akafanya lile ambalo mkubwa wa familia hufanya. Kondo la nyuma la mama aliyejifungua hupewa familia, ikazike. Mguu uliokatwa hupewa familia, ikazike. Mwili wa mtu hautupwi. Akaomba kifuko, muuguzi akampa bila wasiwasi, akidhani kipande cha daktari kimeshakatwa ndani. Daktari naye alikuwa bado ananishona, na alipomaliza tu aliitwa kwa mama mwingine aliyeshindwa kuzaa.

Kaka alipitia dukani, akakata kitambaa cheupe, kizuri, si cha masalio. Alipofika makaburini aliwakuta vijana wa msikiti wako pale na majembe, wamesikia kifo, wamewahi. Akawaambia kwamba mimi sijafa. Wakashukuru Mungu, wakacheka, wengine wakaona aibu. Na kwa kuwa majembe yalikuwepo na jasho limeshaanza, wakachimba kishimo kidogo, kirefu cha kutosha mbwa wasifike, wakalitia figo langu humo. Kila mtu akarudi nyumbani amefurahi. Sijawahi kumlaumu kaka kwa hilo. Alizika figo kwa furaha ya kutonizika mimi, na haraka ile ilikuwa haraka ya mtu aliyerudishiwa kitu.

Mdogo wangu alirudi alasiri na chupa ya formoli mkononi, miguu imejaa matope, amefurahi sana.

Nilizinduka vizuri siku ya pili yake asubuhi. Nilikuwa na kiu, na upande wangu wa kushoto ulikuwa moto. Walikuwepo wote watatu: daktari, kaka, mdogo wangu na chupa yake. Hawakutazamana. Mimi ni mama niliyelea watoto. Najua sura za watu waliovunja kitu. Nikauliza nini kimevunjika.

Daktari ndiye aliyeeleza, kwa upole, bila kumtaja mtu. Alisema kipande hakikukatwa, na figo limeshazikwa tangu jana. Nyama ikikaa bila formoli, katika joto la kwetu, inaanza kujila yenyewe. Protini zinavunjika, seli zinapoteza umbo, na mwenye mashine hataona kitu. Labda kama tutafukua leo kitapatikana kipande cha katikati ambacho bado kinasomeka. Labda. Akalitamka neno hilo huku akinitazama, kwa maana alikumbuka.

Nikamuuliza, tukijua aina yake, atanipa dawa gani?

“Mama, sitakudanganya,” akasema. “Dawa yenyewe haiko hapa. Lakini tutajua kama tulale ao tukae macho.”

Kaka alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameshika kofia yake mkononi. Mtu ambaye maisha yangu yote aliamua bila kuniuliza, hata mume aliniamulia, na kwa kweli aliamua vizuri, safari hii alisema:

“Mudogo wangu, ile kitu iko yako. Ukisema tufukue, nitafukua mimi mwenyewe. Ukisema tuache, nitanyamaza.”

Mgonjwa haulizwi uji, walisema wazee, na mimi nilikuwa naulizwa kama nifukuliwe. Nilitamani kumpigia kelele mtu. Nilitamani zaidi kulala. Nilifikiria kaburi dogo lile na watu wa msikiti watakaosema, maana kilichowekwa ardhini hakichezewi. Nilifikiria pia miaka miwili ya labda. Nikawaambia wafukue, kwa sababu nimechoka kutojua.

Kaka alikwenda mchana kweupe, peke yake, akakataa msaada wa wale vijana. Mzee mmoja alimsimamisha njiani kumuuliza anakwenda wapi na jembe, akamjibu kwamba anakwenda kumsaidia dada yake, akapita. Alirudi na kile kitambaa, sasa kimekuwa rangi ya udongo, na mdogo wangu anasema mikono yake ilikuwa imejaa udongo uleule na hakutaka kuitazama. Daktari akakata kutoka ndani kabisa, akatia kipande kwenye chupa. Kilichobaki kaka akakirudisha ardhini kabla ya magharibi.

Chupa ilisafiri kwenda Bukavu. Mimi nilikaa kwa kaka nikisubiri kidonda kifunge. Huko ndiko nilikojifunza kwamba kupona nako kunachosha. Lakini homa iliondoka, lazima niseme, iliondoka kama mgeni aliyechoshwa na ugali wa kwetu. Nilianza kula. Wekundu katika kijibomba cha vitesi ukawa unashuka polepole, na daktari akaniambia kwamba moto umezimwa, angalau ule wa zamani. Wanawake waliokuwa wamenililia walikuja kunisalimia mmoja mmoja, na mmoja aliniambia, akicheka, kwamba machozi yake nimeyala bure, siku nikifa kweli asidaiwe.

Jibu lilikuja kwa simu ya daktari, baada ya miezi. Alinifuata nyumbani mwenyewe badala ya kuniita. Kaka alikuwepo, amekaa kwenye kiti chake cha kamba. Daktari alisema kwamba Bukavu wameshindwa. Uvimbe wameuona, kwamba ni uvimbe. Lakini nyama ilikuwa imeharibika mno, protini zake zimevunjika hata rangi wanazotia ili zionekane hazikushika, na hawawezi kuapa ni aina gani. Inaweza kuwa ile inayosafiri. Inaweza kuwa ile inayokaa. Tutafuata vitesi, alisema, na homa. Homa ikirudi bila sababu, nije mbio.

Mimi sikuhisi kitu. Ni kaka aliyeinama. Aliinama akaweka uso wake kwenye mikono ileile, na mabega yakamtikisika, na sikujua la kufanya kwa mwanamume aliyenibeba mgongoni kuvuka mto nilipokuwa mtoto. Nilisogeza kiti changu, nikaweka mkono mgongoni mwake. Nilimwambia maji yakimwagika hayazoleki. Nilimwambia pia kwamba hata wangejua, dawa hakuna. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia.

Nikarudi Kabambare. Sasa bidoni linanyanyuliwa na wengine; mimi napima tu na kupokea. Nina kovu refu linalowasha mvua ikikaribia, na figo moja linalofanya kazi ya mawili bila kulalamika, jambo ambalo mwenye figo haliwezi. Nakwenda Kasongo nikiweza, natoa damu, narudi. Wanasema wagonjwa wengine hukaa hivi hadi uzee. Daktari yule amehamishwa, aliyekuja baada yake ni mpole, lakini lazima nianze kumsimulia tangu mwanzo, na nikifika kwenye kaburi la figo anaacha kuandika.

Kaka ananipigia simu kila Ijumaa baada ya swala, mtandao ukikubali. Hatuongei mengi. Anauliza biashara, anauliza mvua, anauliza watoto wamepiga kutoka Kindu? Mwisho kabisa, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, anauliza homa. Kwa muda mrefu jibu lilikuwa la kweli na jepesi. Alikuwa anavuta pumzi, namsikia, kisha anasema alhamdulillahi na kukata.

Wiki hii homa imerudi. Ilianza Jumanne, jioni, pale mifupani inapoanzia, ninapopajua. Nimepima malaria, hakuna. Nilijifunika kitenge kibandani katikati ya jua, na mteja mmoja akanitazama vibaya. Nguo sijazipima, naogopa kuzipima. Nimechoka, na ni uchovu ule wa kwanza, nimeutambua.

Leo simu imelia. Nimejikohoza, nimekunywa maji, nimeiacha ilie tena kidogo ili sauti yangu ikae sawa. Tumeongea biashara. Tumeongea mvua. Watoto, nimesema, wamepiga. Akafika mwisho.

“Na homa? Iko?”

“Haiko, kaka,” nikasema. “Niko muzima.”

Nilimsubiri aseme alhamdulillahi. Hakusema. Nilisikia sauti za dukani kwake, mtu anaulizia kitenge cha rangi ya bluu.

“Kesho asubuhi nakuja na pikipiki, nikuchukue,” akasema. “Usinipikie kitu.”

Alikata. Nikakaa na simu mapajani mpaka kioo chake kikazima. Kisha nikainuka, nikishika ukuta, nikaanza kuchagua mchele wa kumpikia.